Milioni 3 za Odell Beckham Jr.

Mei 2024, Miami Dolphins walipomsajili Odell Beckham Jr., mpokeaji, yaani mchezaji wa kudaka pasi, kwa mwaka mmoja na dola milioni 3, mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani walishangilia: jina kubwa kwa bei ya kutupa! Desemba akatemwa. Alikuwa amecheza mechi 9, amedaka mipira 9, amesogeza mpira yadi 55, na tachidauni, bao kuu la mchezo huo, hata moja hana. Basi wale wale wakaanza kuuponda mkataba.

Mimi sina ugomvi na pesa zile. Kikomo cha mishahara kwa kila timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, mwaka huo kilikuwa dola milioni 255.4, kwa hiyo milioni 3 ni kama asilimia moja na kidogo. Bonasi zingeweza kuufikisha mkataba milioni 8.25, lakini hizo hulipwa mchezaji akifanya kazi, na hakuna tajiri wa timu anayenuna kulipa bonasi ya aina hiyo. Matanuzi yalikuwa mwaka uliotangulia, Baltimore Ravens walipompa milioni 15 wakapata yadi 565 na tachidauni 3.

Kinachoniuma ni nafasi kikosini. Timu inaruhusiwa wachezaji 53. Pale Miami, kwa upande wa wapokeaji, mipira ilikuwa ya Tyreek Hill na Jaylen Waddle kwanza, wengine wanagawana makombo. Mpokeaji wa tatu au wa nne anayeishi kwa makombo lazima awe na kazi ya pili: mpira unapopigwa teke akimbie kumkaba anayeurudisha, au awazuie mabeki ili mwenzake apite. Chipukizi wa mshahara mdogo hufanya yote hayo bila kununa, maana ndiyo yanayomweka mjini. Beckham aliletwa adake tu. Na mtu wa kudaka tu lazima aweze kumwacha beki.

Hapo ndipo goti linapoingia. Tunamkumbuka kwa ule mpira alioudaka kwa mkono mmoja dhidi ya Dallas, Novemba 2014, akiwa New York Giants, mwaka aliopata yadi 1,305 kwa mechi 12 tu. Ajabu ni kwamba mikono ile sidhani kama iliwahi kumtupa. Kwa mpokeaji, mikono ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna kukimbia kwa kasi yote, kukita mguu mmoja chini na kugeuka ghafla, beki akabaki anatazama upande mwingine. Beckham alikatika ligamenti ya goti la kushoto Oktoba 2020 akiwa Cleveland Browns, kisha goti lile lile likakatika tena Februari 2022, katika Super Bowl, fainali ya ligi, bila kuguswa na mtu. Siku hiyo alikuwa ameshafunga tachidauni ya kwanza ya mchezo, na Los Angeles Rams wakatwaa ubingwa yeye akiwa nje. Msimu wote wa 2022 hakucheza. Beki asiyeogopa kupitwa humsogelea mpokeaji, humbana, na mrushaji akiona hivyo huutafutia mpira mtu mwingine.

Nimtetee kidogo. Alianza msimu akiwa bado hajapona, akakosa mechi nne za mwanzo, na Septemba mrushaji wao Tua Tagovailoa aliumia kichwa akakaa nje kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, dirisha lile lile Miami walimsajili Jonnu Smith, aliyekuwa ameachwa na Atlanta Falcons, naye hakuwa ghali. Akadaka mipira 88, tachidauni 8. Smith anacheza taiti endi, anaweza kuzuia na anaweza kudaka katikati ya uwanja, mahali ambapo mabeki wanaomkimbilia Hill hupaacha wazi. Hakuna aliyeshangilia usajili wake.

Wapo watakaoniambia kila mkongwe ni bahati nasibu. Si kweli. Mwaka 2012 San Francisco 49ers walimchukua Randy Moss, miaka 35, baada ya kukaa msimu mzima bila timu, kwa dola milioni 2.5. Alipata yadi 434 na tachidauni 3, namba za kawaida, lakini alicheza mechi zote 16 na timu ikafika Super Bowl. Miguu yake ilikuwa imepungua kasi, haikuwa imevunjika, na mabeki bado walirudi nyuma walipomwona.

Kwa hiyo ningekuwa Miami, Mei ningesaini mkataba ule ule bila kusitasita. Alipokuwa kwenye orodha ya majeruhi hakuhesabiwa kati ya wale 53, na kumsubiri hakukumnyima mtu nafasi. Uamuzi mgumu ulikuja Oktoba, alipopona na kuhitaji kiti kikosini. Wiki mbili tatu za mazoezi na mechi zingetosha kuonyesha kama bado anaweza kukita ule mguu wa kushoto na kugeuka. Wao walingoja hadi katikati ya Desemba.