Masikio Yangu Si Ushahidi?

Alhamisi moja, saa saba na robo usiku, gilasi ya maji iliyo kando ya kitanda cha mama ilianza kutetemeka. Hapakuwa na tetemeko la ardhi. Ilikuwa besi ya muziki. Maji yalichora duara, duara, duara, na mama amelala chali, macho kwenye boriti, akaniambia kwa ile sauti yake ya kutotaka kumsumbua mtu: "Mwanangu, hawa hawana kwao?"

Kwao ni hapo nyuma yetu, mama, kwenye baa. Ukuta kwa ukuta. Na leseni wanayo.

Asubuhi nikaenda kushtaki. Ofisi siitaji, maana si ya kwanza kwenda wala haitakuwa ya mwisho, na kijana aliyenipokea alikuwa mstaarabu kweli kweli, kiti akanipa. Tatizo, akasema, ni kipimo. Kipimo cha sauti hakipo. Kimechukuliwa. Kitarudi lini? "Tutakujulisha, kaka." Nikamtolea simu. Usiku ule nilikuwa nimepakua programu ya kupima sauti, nikaisimamisha dirishani kwa mama, ikasoma desibeli 71, ndicho kizio cha ukubwa wa sauti. Akacheka kidogo. "Hii kortini haisimami." Nikamuuliza yeye anaishi upande gani. Maweni, akajibu, kisha akaongeza bila kuulizwa: "Hata sisi hatulali."

Basi tukatazamana. Watu wazima wawili, masikio manne, usingizi hakuna, tumekaa tunaingoja mashine ije itwambie kama kuna kelele Malindi.

Sheria yenyewe nimeisoma. Nimeisoma usiku, kwani usingizi ulikuwa wapi? Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile zilizotoka chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinaanza na katazo lisilohitaji mashine hata moja: mtu asipige kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida, ya kuudhi wenzake au kuvuruga raha, mapumziko, afya na usalama wao. Kisha zinataja ya kuangaliwa. Ni saa ngapi? Ni karibu na nyumba za watu? Inajirudia, au ilikuwa mara moja ikapita? Imekuzwa kwa vyombo vya umeme? Na hili la mwisho nililirudia mara tatu: je, inaweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa?

Kitufe cha spika kinazungushwa kwa vidole viwili, jamani.

Hapo hapajatajwa desibeli. Panahitajika mtu mwenye akili timamu asimame dirishani kwa mlalamikaji, saa saba usiku, asikilize, kisha aandike alichosikia. Ushahidi wa askari aliyemwona mtu akipita na ng'ombe wa wenyewe unakubaliwa, hakuna anayemuuliza mashine ya kupimia ng'ombe iko wapi. Ya kelele tu ndiyo imegeuzwa sayansi ya roketi.

Tulikopotelea ni kwenye jedwali la nyuma. Kwa mujibu wake usiku unaanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili alfajiri, na kiwango ni desibeli 35. Nyumba za kuishi, 35. Mtaa uliochanganya makazi, maduka na starehe, 35. Eneo la biashara, ambalo mchana linaruhusiwa 60, usiku 35. Nyumba ya ibada, 35. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza 40 usiku nje ya nyumba. Sisi tukaona 40 ni ya wavivu.

Sasa nenda kasimame ufuoni usiku wa kusi, pasiwe na baa wala bodaboda. Mawimbi peke yake yanapita 35 hata hayajajitahidi. Imamu wa taraweh anapita. Saa mbili usiku hapa ndio kwanza watu wametoka isha, viazi karai viko kwenye mafuta, watoto wangali barazani wanazozana. Mtaa mzima ni wahalifu. Na ikiwa sote ni wahalifu, basi atakayekamatwa ni yule ambaye bahasha yake imechelewa. Na 35 hiyo, usidhani ni ya dakika moja: ni wastani wa saa zote kumi za usiku. Nani atakesha saa kumi na kipimo mkononi nyuma ya baa? Kwa posho gani?

Halafu kuna besi, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo inayomtesa mama. Viwango vyetu vinasomwa kwa uzani unaoitwa A, ambao unazipunguza sauti nzito kwa kuwa sikio la binadamu halizisikii vizuri kama zile nyembamba. Kiwandani sawa. Lakini muulize yeyote aliyelala jirani na disko kama alisikia maneno ya wimbo. Hakusikia neno. Ukuta umezuia mwimbaji, umezuia gitaa, umeiachia dum, dum, dum ikaingia kifuani, kwenye kitanda, kwenye gilasi. Mashine inayopima kwa uzani ule inakuambia hali si mbaya sana. Ukitaka kurekebisha kanuni, anzia hapo: besi ipewe kipimo chake, ipimwe ndani, anapolala mtu, pasiwe mlangoni kwa baa ambako mwenye baa ameshapigiwa simu na kupunguza.

Na upepo je? Baa ya nyuma yetu iko upande wa kaskazini. Mwaka jana, baada ya miezi ya kulia, alikuja bwana mmoja na kipimo chake, akaja Julai. Kusi imeshiba, sauti yote inachukuliwa kupelekwa kwa wale wa upande wa pili. Akasikiliza, akaandika, akaondoka. Alichoandika: "Inakubalika." Ilipoingia kaskazi tukafunikwa nayo, na tukilalamika tunaonyeshwa karatasi ya Julai! Nahodha wa mtumbwi angewaeleza jambo hili bure, bila semina ya hotelini.

Ukaguzi wa leseni nao, ule hufanywa saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi baa ni mahali patulivu kuliko maktaba. Kuna dada anapiga deki na paka amelala juu ya spika.

Najua watakaoniandikia. Kijana, mji huu unakula kutokana na hizo baa. Ndiyo, nakubali, kwa shingo upande. Binamu yangu ni mhudumu katika moja yazo, na shemeji yangu tuktuk yake inapata abiria baada ya saa sita usiku kuliko mchana kutwa. Watalii walipoadimika tuliona wenyewe jinsi mji ulivyokuwa. Simwambii mtu afunge. Baa zetu nyingi ni paa la makuti na nguzo, ukuta hakuna, na kumwambia mwenyewe azibe sauti isitoke ni kumwambia azibe bahari. Lakini spika inaweza kugeuzwa ielekee baharini. Inaweza kushushwa chini. Besi inaweza kukatwa saa tano na watu wakaendelea kunywa na kucheza. Kwani bia hainyweki bila kutetemeshwa?

Na nakubali hili pia, kwa uzito zaidi: sheria ya masikio matupu ina hatari yake. Jirani mwenye kijicho anaweza kuifungisha biashara ya mwenzake, na asiyependa dini ya mtu atagundua ghafla kwamba ana kipandauso. Kwa hiyo wasiachiwe masikio ya mtu mmoja. Wawe watu wa nyumba tatu tofauti, na afisa aje asikie mwenyewe usiku ule ule. Ikifika hapo, mashine ikiwepo vyema, isipokuwepo kazi iendelee.

Kuhusu misikiti, kabla hamjaniuliza. Adhana ni dakika chache, na mji huu bila adhana siujui. Ninachosema ni mawaidha ya saa nzima kwenye spika za nje, yanayokwenda hadi kwa mgonjwa na mtoto mchanga. Saudia yenyewe, Mei 2021, iliagiza spika za nje zitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti isipite theluthi ya nguvu ya chombo. Mkitaka kuniita mlegevu wa dini, anzeni na wao. Makanisa yenye kesha za Ijumaa, hilo ni lenu vile vile.

Disko matanga, muziki wa usiku kwenye misiba, limepigwa marufuku mara ngapi kaunti hii ya Kilifi? Kila likipigwa marufuku, wiki ile ile linapigwa muziki. Tuktuk za honi tatu, nitawaandikia siku yao. Magari ya kampeni, 2027 yaja, Mungu atuhifadhi.

Nairobi walijaribu njia ya mkato. Mwaka 2022 gavana Sakaja alitangaza kwamba vilabu vya usiku havina ruhusa ndani ya makazi. Tulishangilia hata sisi wa pwani. Ila tangazo halikeshi. Anayekesha ni mtu, na mtu huyo ndiye asiyekuwepo kwenye mipango yetu yote. Ofisi zinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Kelele zinaanza saa nne usiku, Alhamisi mpaka Jumapili. Hawa wawili hawajawahi kukutana! Tunaweza kuandika kanuni tamu kama halua ya Eid, zikachapishwa kwa rangi, na bado Ijumaa saa nane usiku ukipiga simu itaita mpaka ikate.

Maafisa wawili wa zamu, usiku nne kwa wiki, pikipiki moja, namba moja ya simu inayopokelewa. Hicho ndicho ninachokidai, na gharama yake haifiki ile ya ziara moja ya kwenda kujifunza ng'ambo jinsi wengine wanavyolala. Namba ya simu ya meneja ibandikwe getini, jirani aanze na yeye kabla ya kumkimbilia chifu. Kila lalamiko lililothibitishwa liingie kwenye faili la leseni, na siku ya kuihuisha leseni faili lisomwe kwa sauti, majirani wakiwepo.

Na tusiambiwe tena nendeni ofisi ile, ofisi ile ikisema rudini kule. Katiba ya 2010, jedwali la nne, imeipa kaunti udhibiti wa kelele. Jedwali hilo hilo limeipa kaunti leseni za pombe. Mkono unaotoa ndio unaopaswa kuzima. Ibara ya 42 inampa mama haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi, naifikia kwa miguu. Mzee mmoja wa mtaani, Mgiriama, aliponisikia nikiyasema haya alinishika bega: "Mwenehu, utashtaki besi?" Tukacheka. Bado nafikiria.

Kwa sasa tumepata ufumbuzi wa kifamilia. Dada yangu yuko Mambrui, huko usiku unasikia minazi. Kila Alhamisi baada ya alasiri nampeleka mama, Jumatatu namrudisha. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, mwenye presha, anahamishwa nyumba aliyojengewa na mumewe ili watu wapate kucheza.

Leo ni Jumatano. Kikapu chake kiko mlangoni, dawa zimefungwa kwenye leso, na kila nikipita ananiuliza kama nimeshapigiwa simu kuhusu kile kipimo.