Awesome: hofu iliyogeuka sifa

Jioni moja barazani Langoni, hapa Lamu, mwalimu mstaafu alimkemea mjukuu wake. Kijana huyo hutembeza wageni mjini. Alikuwa ameonja juisi ya ukwaju akasema, “Awesome!” Babu yake akamjibu: “Neno hilo si la juisi, mjukuu wangu.”

Kwa asili ya neno, mwalimu hakukosea. Mzizi wa awesome ni neno awe la Kiingereza, yaani hofu iliyochanganyika na heshima. Kiingereza kililipata kwa watu wa Skandinavia ya kale, na kwao lilikuwa hofu tupu. Awesome likazuka mwishoni mwa karne ya 16, na baadaye likawa sifa ya kitu kinachomfanya mtu anywee. Vijana wa Marekani ndio walioligeuza kuwa “zuri sana”, na miaka ya 1980 likazagaa. Nayaelewa machungu ya mwalimu: neno moja likibeba juisi na radi, mbele ya radi utasema nini?

Hata hivyo, kijana anaonewa. Tazama haiba. Tumeipata kwa Waarabu, hayba, yaani ule uzito wa mtu unaokufanya uinamishe macho mbele yake. Ndiyo awe yenyewe! Sisi tukaifanya uzuri na mvuto wa tabia. Bibi harusi husifiwa haiba yake na hakuna anayetetemeka. Mwalimu amelitumia neno hilo hivyo maisha yake yote, na sijapata kumsikia akilia kwamba limeharibiwa. Mchezaji akifunga bao la mbali tunasema ametisha, ni balaa, ni hatari, ni noma. Ulimi wetu umeipita njia hii mara nyingi, tena bila kumwomba Mwingereza ruhusa. Na Kiingereza chenyewe kina awful, ndugu wa tumbo moja na awesome: lilianza na hofu ile ile, likateremka hadi “baya mno”.

Siku moja niliandamana na kijana huyo hadi Makumbusho ya Lamu, penye siwa, baragumu ya heshima ya watawala wa kale, ya pembe ya ndovu, iliyotoka kisiwa jirani cha Pate, ndefu kupita mita 2. Mgeni mmoja akamuuliza yeye anaionaje. “Awesome,” akajibu, kwa sauti ile ile ya juisi. Wageni wakasogea mbele. Yeye akabaki, macho kwenye nakshi, akanong’ona: “Subhanallah.”