Tengeru imepitwa haraka mno

Habari mliyoandika gazetini juu ya bibi wa Kipolandi aliyefariki akiwa na miaka tisini na ushee ni nzuri, ila Tengeru, kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mmeipa sentensi moja tu, jamani! Mwaka 1940 Wasovieti waliwasomba Wapolandi, familia nzima nzima, kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia. Wale walionusurika walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran mwaka 1942, kisha meli mpaka huku kwetu. Hapo Tengeru, jirani na Arusha, walikaa kama 5,000, wengi wanawake na watoto, katika vibanda vya duara vya udongo vilivyoezekwa nyasi. Vita vilipoisha, kwao kulikuwa kumeshamegwa na Wasovieti. Warudi wapi? Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Mhariri, tuma mpiga picha.