Miaka kumi, kata tatu

Jumamosi iliyopita, mazoezi yalipokwisha na watoto wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, mama mmoja alinisubiri pembeni. "Sensei (mwalimu), samahani. Huyu wangu atavaa mkanda mweusi lini?" Mwanawe ana miezi minne tu katika ukumbi wangu wa karate. Nikamwambia kwamba kwa kweli sijui. Akanieleza, bila ubaya wowote, kuwa kuna mahali wamemwahidi miaka miwili, mradi ada ilipwe yote kwa mkupuo.

Sikumlaumu. Anatoa hela yake, ana haki ya kujua anachokilipia. Aliyeniumiza ni yule aliyetoa ahadi ile, kwa sababu mtu anayefundisha karate anapaswa kuwa anajua habari za Gichin Funakoshi, anayeitwa baba wa karate ya kisasa.

Funakoshi alizaliwa Shuri, kisiwani Okinawa, kusini mwa Japani ya leo, mwaka 1868, akiwa njiti. Wazee wake walikubaliana tangu mwanzo kwamba hataishi sana. Alikua dhaifu, wa kuugua kila mara, hadi alipokutana shuleni na mtoto wa Anko Azato, bingwa wa karate. Siku hizo karate ya Okinawa ilifundishwa kwa siri, usiku. Kijana akawa anatoka kwao giza likishaingia, anatembea hadi nyumbani kwa Azato, na usiku usio na mbalamwezi anashika taa mkononi. Alfajiri anarudi. Majirani wakaanza kunong'ona, wakikisia anakolala kijana huyu.

Alikuwa uani kwa mwalimu wake, akirudia kata moja, yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa, ambao mtu huucheza peke yake. Azato alikaa barazani, mgongo umenyooka, anamtazama. Akimaliza, anaambiwa, "Tena." Wiki nzima kata ileile, mwezi mzima kata ileile. Funakoshi mwenyewe aliandika uzeeni kwamba kata tatu za Tekki zilimchukua miaka kumi. Kwa wasiozijua: Tekki huchezwa kwenye mstari mmoja tu, kulia na kushoto, miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa kama mtu aliyepanda farasi. Hakuna kuruka, hakuna mateke ya juu ya kumfurahisha mtazamaji. Mapaja yanawaka moto, na asiyejua anaona mtu anasogea kama kaa. Miaka kumi ya hiyo. Na mkanda? Okinawa ya wakati ule haikuwa na mikanda ya karate kabisa. Mikanda ilitoka kwenye judo ya Jigoro Kano, na Funakoshi alianza kuwapa wanafunzi wake mikanda myeusi mwaka 1924, akiwa Tokyo, mtu wa miaka 55.

Jambo ambalo watu wengi hulipita haraka ni kazi yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alianza mwaka 1888, akafundisha zaidi ya miaka thelathini. Kabla ya hapo alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, ila chuo hakikupokea vijana waliofunga nywele utosini kwa mtindo wa zamani, na kwao kukata nywele zile ilikuwa aibu kwa ukoo. Hatimaye alizikata ili awe mwalimu, na wazazi wake walikasirika sana. Mimi naamini hapo ndipo ulipo ufunguo wa karate yake. Aliyesimama mbele ya darasa la watoto miaka thelathini anajua kwamba mtoto haelewi kwa kuambiwa mara moja, na kwamba anayechelewa si mjinga. Mwalimu wake mwingine, Anko Itosu, ndiye aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne iliyopita, akatunga kata tano rahisi kwa ajili ya wanafunzi. Hizo ndizo Heian tunazofundisha watoto wetu leo. Jina la Heian alizipa Funakoshi. Kwa hiyo tunachokifanya kumbini kwetu kila Jumamosi kimepita mikononi mwa walimu wa shule kabla ya kufika kwa mabingwa wa mashindano.

Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akiwa na nia ya kurudi kwao baada ya muda mfupi. Kano akamwalika Kodokan, ukumbi wake wa judo, watu wengine wakamwomba abaki afundishe, akabaki. Mke na watoto wako Okinawa. Fedha hana. Akapata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, naye akawa mlinzi wake: anafagia, anapalilia bustani, anasafisha vyumba. Alimfundisha karate mpishi wa bweni ili apunguziwe bei ya chakula. Siku moja akiwa anafagia, alikuja mwandishi wa gazeti akauliza Funakoshi yuko wapi. Mzee akamwomba asubiri kidogo, akakimbilia chumbani, akavaa kimono yake nzuri, akarudi kujitambulisha. Mwandishi hakuamini macho yake kwamba mfagizi na bwana mkubwa wa karate ni mtu mmoja.

Napenda sana kisa hicho. Nimewahi kufanya mazoezi kwa mwalimu ambaye hakugusa ufagio hata siku moja, maana wadogo wapo. Niliondoka pale nikiwa na ngumi kali, na tabia nisiyopenda kuikumbuka.

Wapo wanaosema mzee alikuwa mgumu kupita kiasi, na wana hoja. Hakupenda mapambano ya kushindana. Vijana wa vyuo vikuu walitaka kupimana nguvu, na mwanawe mwenyewe, Yoshitaka, ndiye aliyeufanya mkao wa miguu uwe wa chini na mrefu, akaongeza mateke, akaikuza kumite, yaani mapambano ya watu wawili. Karate ya Shotokan, mtindo uliotokana na Funakoshi, unayoiona leo ina sura ya Yoshitaka kwa kiasi kikubwa. Funakoshi alifariki Aprili 1957, na mwaka huohuo chama cha karate cha Japani kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Mimi huwapeleka vijana wangu mashindanoni, na sitaacha. Kijana anajifunza hofu yake mwenyewe pale, jambo ambalo kata peke yake haimpi. Lakini karate iliingia kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, na Paris 2024 ikawa haimo tena. Nilikuwa na vijana wawili waliosononeka kiasi cha kuacha mazoezi. Niliumia kwa ajili yao, kisha nikajiuliza ni nini nilikuwa nimewafundisha miaka yote hiyo kama kingeweza kufutwa na uamuzi wa kamati.

Mzee huyu alipoteza vingi kuliko nishani. Mwaka 1945 ukumbi wake wa Tokyo, Shotokan, uliteketea kwa mabomu. Yoshitaka akafa mwaka huohuo kwa kifua kikuu. Okinawa ikageuzwa uwanja wa vita, mkewe akawa mkimbizi kisiwa cha Kyushu, mzee akamfuata huko wakaishi pamoja baada ya miaka mingi ya kutengana, na mwaka 1947 mama yule akafariki. Funakoshi alikuwa karibu na miaka 80. Akarudi Tokyo, akafundisha tena.

Ni katika miaka hiyo ya baada ya vita alipovamiwa njiani na mwizi. Mzee aliinama, mwizi akakosa, naye akamkamata sehemu za siri akamshikilia hadi askari alipofika. Yeyote kati yetu angeisimulia habari hiyo kwa majivuno. Yeye aliisimulia kwa majuto. Aliona kwamba alikuwa amefanya jambo alilowakataza vijana wake siku zote, kushambulia. Katika mnara wake wa kumbukumbu, hekalu la Engaku-ji mjini Kamakura, yamechongwa maneno yanayosema kwamba katika karate hakuna kuanza kupiga.

Sasa narudi kwa yule mama aliyeniuliza habari za mkanda. Nimemwandikia, na nawaandikia wazazi wengine wote. Kuanzia Januari mtihani wa mkanda utakuwa mmoja tu kwa mwaka, na atakayefanya ni yule ambaye kata yake imekaa mwilini. Atakayeshindwa hatalipa tena ada ya mtihani mwaka unaofuata. Ukumbi tutaufagia kwa zamu, na zamu ya kwanza ni yangu. Najua wapo watakaoniondokea. Ninachowaomba hao ni kitu kimoja: msimtoe mtoto katikati. Mwacheni amalize Heian aliyoianza, ndipo mwende.