Jina la Fabergé: Mali ya Ukoo au ya Mafundi?

Gustav Fabergé alifungua duka la usonara mjini Saint Petersburg mwaka 1842, na mwanawe Peter Carl akalishika mwaka 1872. Mwaka 1885 Carl alimtengenezea mfalme Alexander wa Tatu wa Urusi yai la kwanza la Pasaka, yaani pambo la thamani lenye umbo la yai, katika mfululizo wa mayai 50 ya kifalme, na tangu hapo historia ya kampuni hiyo imekuwa ikisimuliwa kama historia ya ukoo mmoja. Simulizi hiyo ina ukweli wake, ingawa kwa maoni yangu inawafunika watu wengi.

Wanaoutetea ukoo wana hoja nzito. Carl ndiye aliyeshikilia kwamba thamani ya kito inatokana na ubunifu na ufundi kuliko uzito wa dhahabu na almasi, na msimamo huo, katika biashara iliyozoea kupima kila kitu kwa mizani, ungekuwa mgumu kwa mtu asiye mwenye mali. Nduguye Agathon alijiunga naye mwaka 1882, na miaka mitano baadaye likafunguliwa tawi la Moscow, lililojipatia sifa kwa vyombo vya fedha.

Hata hivyo, Carl mwenyewe hakuwa akikaa kwenye meza ya kazi kufua dhahabu. Mayai mengi yalitoka katika karakana ya Michael Perchin, na baada ya kifo chake mwaka 1903, katika ile ya Henrik Wigström. Mafundi wakuu wa Saint Petersburg walipiga herufi za majina yao juu ya kazi zao, ilhali vyombo vya fedha vya Moscow kwa kawaida vilibeba jina la kampuni peke yake, kiasi kwamba fundi wake leo ni vigumu kumtambua. Isitoshe, urithi wa damu haukuwa wa mwenye duka tu: yai la majira ya baridi la mwaka 1913 lilibuniwa na Alma Pihl, mjukuu wa fundi mkuu August Holmström, akiwa katika karakana iliyoongozwa na mjomba wake.

Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi, walipoitaifisha kampuni mwaka 1918, pande zote mbili zilitiwa katika mtihani. Wana wa Carl walianza upya Paris mwaka 1924 wakiwa na damu na jina, lakini hawakuufikia tena ubora ule. Hapo ningependa kuwapa mafundi ushindi, ila Pihl naye alikimbilia Finland akawa mwalimu wa sanaa, asirudie tena usonara. Ni kweli kwamba mapinduzi yaliwaondoa pia wateja, kwa hiyo mtihani wenyewe haukuwa wa haki kwa yeyote.

Kilichosalia ni jina. Sam Rubin, mfanyabiashara wa Marekani, alilibandika kwenye manukato mwaka 1937 bila idhini ya ukoo, na mwaka 1951 shauri likamalizwa kwa dola 25,000. Baadaye jina lilipitia kampuni ya Unilever hadi Gemfields, wachimbaji wa zumaridi ya Zambia na yakuti nyekundu ya Msumbiji, walioiuza Fabergé mwaka 2025 kwa dola milioni 50. Katika bei zote mbili, herufi za Perchin na za Wigström hazikuhesabiwa.