Ringi za mtu wa kilo 48

Mtu wa kilo 48 akiuliza anunue ringi gani za baiskeli ya mbio, anayemjibu mara nyingi ni mtu wa kilo 80. Jibu linamfaa aliyejibu. Utaambiwa uchukue za kaboni zenye ukuta wa milimita 50 au zaidi, yaani kutoka tairi linapokaa hadi spoku inapoingilia, kwa kuwa ndizo zinazokata hewa na ndizo unazoziona Tour de France. Mimi ni mfupi, nina kilo hizo 48, naendesha Mwanza, na nasema mwepesi wa huku ziwani asizinunue hata akikuta bei ya kutupa. Hasa ya mbele.

Kesi yenyewe ni upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Ndiyo maana asubuhi barabara imetulia na alasiri unasukumwa. Ukishapita Kisesa kuelekea Magu, Ghuba ya Speke iko kushoto kwako na upepo wake unakuja ubavuni, si usoni. Darajani Kigongo–Busisi ni zaidi: kilomita 3 juu ya maji, hakuna mti wala ukuta wa mtu wa kukukinga.

Ringi ya ukuta mrefu ni tanga. Na tanga lilelile halifanyi kazi moja kwenye mtumbwi uliosheheni dagaa na kwenye mtumbwi mtupu. Upepo hauangalii kilo zako. Unaisukuma ringi kwa nguvu ileile, ila mwenzako ana kilo 80 za kuupinga na wewe una 48. Ya mbele ndiyo mbaya kwa sababu imeunganishwa na usukani: upepo hausukumi baiskeli tu, unakugeuzia na mwelekeo. Likipita basi la Musoma mambo yanaharibika zaidi, kwa kuwa kwa sekunde moja linakukinga, halafu linakuachia upepo wote kwa mkupuo.

Wanaotetea ringi hizo wana hoja moja ya kweli, nao nitawapa haki yao. Mtu mdogo anakamata hewa kidogo, kwa hiyo sehemu ya hewa inayozuiwa na magurudumu ni kubwa kwake kuliko kwa mtu mkubwa. Kwenye karatasi, basi, sisi ndio tungefaidi. Lakini hesabu hiyo inamchukulia mwendeshaji aliyeinama, ametulia, mikono chini. Mtu anayepigana na usukani hukaa wima, na mwili ndio unaozuia hewa kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Ulichookoa kwenye ringi umekirudisha kwa kifua, tena na riba.

Mimi napendekeza mbele isizidi milimita 30. Nyuma unaweza kufika hata 40 kama roho inapenda, kwa sababu gurudumu la nyuma haligeuzi usukani na limebeba sehemu kubwa ya uzito wako. Zisizofanana zitachekwa vijiweni. Wacha wacheke.

Uzito nao umepigiwa chuku. Chukua mfano: wewe kilo 48, baiskeli kilo 9, jumla 57. Ukibadili ringi ukapunguza gramu 400, umepunguza asilimia 0.7. Kwenye mlima wa dakika kumi hizo ni kama sekunde 4. Na milima yetu ya mjini, wa Bugando na ule wa Capri Point, hata dakika kumi haifiki. Utasikia pia kwamba gramu moja kwenye ringi ni sawa na mbili kwenye fremu. Ni kweli pale unapoongeza mwendo. Ukishaupata, au ukipanda kwa kasi ileile, gramu ni gramu. Utauhisi wepesi huo pale Igoma, daladala zinapokusimamisha na kukuachia kila baada ya mita chache. Ni raha, sikatai. Ila mtu asikuuzie raha kwa jina la ushindi.

Neema yetu halisi iko kwenye spoku. Mwepesi hahitaji nyingi, na ringi ambazo mtengenezaji anamkataza mtu wa kilo 95 asizikanyage, sisi tunaingia bila hofu. Spoku 20 mbele na 24 nyuma zinakubeba. Tafuta zile zilizopunguzwa katikati: milimita 2 kwenye ncha, 1.5 katikati. Spoku ya unene mmoja ina gramu 7 hivi, hii iliyopunguzwa ni kama 5, kwa hiyo kwa magurudumu mawili unaokoa karibu gramu 90 bila kugusa kaboni. Na usidhani wembamba ni udhaifu. Katikati pembamba panavutika kidogo, mtikisiko wa shimo unamezwa hapo badala ya kuishia kwenye kiwiko cha spoku, mahali zinapokatikia.

Hata hivyo mimi mwenyewe naendesha 24 mbele na 28 nyuma. Spoku moja ikikatika kwenye gurudumu la spoku 20, ringi inapinda kiasi cha kusugua breki na safari imekwisha. Kwenye lenye 28 unajivuta hadi nyumbani. Spoku nane za ziada ni gramu 40. Kwa anayevuka Usagara peke yake, hiyo ni bei ndogo sana.

Halafu kuna fundi. Mafundi wa Mwanza wamekulia kwenye Phoenix, wanagonga spoku kwa ukucha, wanasikiliza mlio, wanajua ipi imelegea. Ujuzi huo haujali kama ringi ni ya mbio au ya kubebea magunia, mradi habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya kawaida, ya spoku zenye kichwa kilichopinda. Mpelekee gurudumu la kiwandani lenye spoku zake maalumu, zilizonyooka na bapa, uone. "Dada, hii kuinyoosha naweza, ila ikikatika tena mimi spoku yake sina." Mjini hapa hakuna aliye nayo. Unaagiza, unangoja, na baiskeli inaning'inia ukutani.

Wafupi wana jaribu lao jingine. Fremu ndogo yenye ringi za kawaida, zile 700, huleta kero ya kidole cha mguu kugusa tairi la mbele unapokata kona ya taratibu. Ndipo anatokea mtu na baiskeli ya mtumba yenye magurudumu madogo ya 650C, yenye kipenyo cha milimita 571 mahali tairi linapokaa badala ya 622 za hizo 700. Kimwili inakukaa sawa kabisa, na magurudumu ni mepesi zaidi. Tairi zake sasa, kuzipata ni kazi. Ndiyo sababu nasema hapana. Wala usidanganyike na tairi za namba 28 zilizojaa madukani, hizo za Phoenix ni 635 na hazikai kwenye 622. Vumilia kidole, kwenye mwendo hakigusi, kwa sababu kwenye mwendo hugeuzi usukani kiasi hicho.

Ukiniuliza hela iende wapi kwanza, nitasema tairi, kabla hata ya ringi. Tairi ya bei rahisi yenye waya ina gramu 400 au zaidi, nzuri ya milimita 28 inakaribia 270. Hapo umepunguza gramu 260 kwa jozi, tena ukingoni kabisa. Kisha acha kujaza kama lori. Upepo wa PSI 100 ni wa watu wazito na lami laini. Mtu wa kilo 50 kwenye tairi za milimita 28, PSI 55 mbele na 60 nyuma vinamtosha. Tairi ngumu chini ya mtu mwepesi inarukaruka juu ya kila kokoto, na kila mruko ni mwendo uliopotea. Tyubu zile nyembamba za plastiki ni nyepesi kweli, gramu 40 dhidi ya 110 za mpira, lakini hazishiki kiraka cha kawaida wala gundi ya fundi wa pancha. Ukizipenda, beba viraka vyake mwenyewe, na tyubu moja ya mpira chini ya siti.