Stenti ya shingo na safari ya Pemba siku ile ile

Kwenye nchi zenye hospitali kubwa, baadhi ya wagonjwa wanaowekewa stenti, yaani kibomba cha wavu kinachotanuliwa ndani ya mshipa, kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo na uliobana, huruhusiwa jioni ya siku ile ile. Sipingi. Mgonjwa akichaguliwa vizuri, presha ikatulia na akaangaliwa saa kadhaa bila tatizo, kumlaza si lazima. Ninachouliza ni kimoja: huko nyumbani anakorudi ni wapi?

Kwa mtu wa Micheweni, Pemba, aliyepewa rufaa ya Dar es Salaam, nyumbani ni boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Mkoani, halafu gari. Na wazee wetu ukiwaambia walale mjini, watakuuliza ng'ombe nani atamfungua asubuhi.

Tuwaeleze basi. Stenti ikitanuka hugandamiza sehemu ya mshipa inayoupa mwili habari za presha. Mwili hudhani presha imepanda mno, ukaishusha, na mapigo ya moyo yakapungua. Mara nyingi hutokea saa za mwanzo, ila wapo ambao presha hubaki chini mpaka kesho yake. Mzee wa namna hiyo, aliyedungwa kwenye kinena ili stenti ipitishwe na kidonda hakijashika, apande ngazi za boti kwa kusukumana na mizigo? Akianguka au akitoka damu katikati ya bahari, nani wa kumsaidia?

Kuna la pili, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Ubongo uliozoea damu kidogo ukifunguliwa njia ghafla, na presha ikawa juu, huweza kuvimba au kuvuja damu. Hili huja hata siku kadhaa baadaye, likianza na kichwa kuuma sana upande mmoja. Nyumbani watasema ni uchovu wa safari, wamkande mafuta.

Tena muulizeni daktari kama stenti ndiyo inayomfaa. Utafiti wa CREST uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 2,500 wa Marekani na Canada, ulionesha kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwa waliowekewa stenti kuliko waliopasuliwa shingo ili kusafisha mshipa huo, hasa wazee, ingawa waliopasuliwa walipata zaidi mshtuko wa moyo.

Fedha za rufaa zihesabu na malazi ya siku chache karibu na hospitali, mgonjwa pamoja na wa kumwangalia. Huyo msindikizaji awe na mashine ya presha, ahakikishe dawa za kuzuia damu kuganda hazikatizwi, na namba ya daktari aiandike kwenye karatasi, kwani simu huisha chaji.